Maneno Aliyoyameza Lul

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Lul alikuwa na kazi tatu: kuwasha makaa, kujaza mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni wa punda aliyeuza maji, na kumwinua nyanya yake. Kazi mbili za kwanza hazikumsumbua. Ya tatu aliichukia.

Nyanya yake aliitwa Ardo, lakini pale nyumbani mtaani Waberi, mjini Garissa, alikuwa Ayeyo tu, yaani nyanya kwa Kisomali. Usiku magoti yake yalikauka kama ngozi iliyosahauliwa juani. Asubuhi hayakukunjika wala kukunjuka. Lul alimshika kwapani, akamvuta, na Ayeyo akaguna kwa maumivu.

"Tartiib, Lul. Polepole, mjukuu wangu."

"Polepole, polepole! Kengele ya shule hainingoji," Lul alisema, akamwachilia kabla hajasimama vizuri. Ayeyo alishika nguzo ya nyumba ili asianguke.

Ilikuwa mwaka wa 1995. Lul alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, katika darasa la saba, na tangu darasa la nne hakuna aliyewahi kumpokonya nafasi ya kwanza. Alijua hivyo, tena alitaka kila mtu ajue. Aliwadharau waliokuwa wa pili, akawadharau zaidi waliokuwa wa mwisho. Muuza nyama akisema "mbuzi mbili" alimsahihisha mbele ya wateja wake. Rafiki yake wa pekee, Ruweyda, alikuwa rafiki kwa sababu hakuchoka kumsikiliza.

Lakini hakuna mtu ambaye Lul alimdharau kama Ayeyo. Mwanamke mzima asiyejua kusoma! Aliyeita pikipiki "bikibiki", na aliyeshika kalenda juu chini! Watu walisema kwamba zamani, kule Kotile, Ayeyo alikuwa na ng'ombe sitini, na kwamba aliwahi kutembea siku nne kuwafuata kwenye majani bila kula chochote isipokuwa maziwa. Ukame uliwamaliza ng'ombe wote, naye akaja kuishi kwa binti yake mjini. Lul aliisikia hadithi hiyo, akamtazama kikongwe aliyejikunyata kwenye mkeka, akaona ni maneno ya wazee tu.

Maumivu ya Ayeyo yalikuwa na miaka mitatu. Zahanati ilimpa vidonge, na mwanzoni kidonge kimoja kilimpa usingizi. Baadaye vikawa viwili. Sasa alikuwa akimeza vinne, wakati mwingine vitano, na bado alishinda akiyasugua magoti na kuuma ncha ya shungi lake. Vidonge vilikuwa vimeacha kumsaidia, lakini aliendelea kuvimeza kwa sababu hakujua lingine la kufanya.

Jioni moja Maka, mama yake Lul, alirudi kutoka sokoni alikouza leso na vitambaa, akasema, "Nimesikia hospitalini kuna mtaalamu mpya wa viungo. Lul, kesho utampeleka Ayeyo. Mimi napokea mzigo wa vitambaa na siwezi kutoka. Mtaalamu huyo anatoka Mwingi na hajui Kisomali. Utakuwa mdomo wa Ayeyo na masikio yake."

"Kesho tuna mtihani wa hesabu!"

"Mtihani utarudiwa. Magoti ya mama yangu hayana marudio."

"Ruweyda atakuwa wa kwanza," Lul alinung'unika. "Ruweyda! Asiyejua hata kugawanya desimali!"

Maka alikuwa amekwisha kusema.

Walipanga foleni tangu saa mbili asubuhi. Saa tano na nusu ndipo walipoitwa kwenye chumba chenye kitanda kimoja, viti viwili na picha ya mifupa ukutani. Mtaalamu aliingia akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso mpana, na aliitwa Mbithe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama fimbo, na kila alipopiga hatua bega lake lilishuka upande mmoja. Polio ilimshika utotoni.

Lul aliutazama mguu ule, akashindwa kuzuia mdomo wake kupinda. Huyu ndiye mtaalamu? Mwenyewe anachechemea, atamtembeza nani?

Mbithe alimsalimia Ayeyo, "Nabad, mama," na hapo Kisomali chake kikaisha. Alipiga magoti sakafuni, akayashika magoti ya Ayeyo, akayakunja na kuyakunjua taratibu huku akimtazama usoni aone panapouma. Alimuuliza mambo mengi. Analala vipi? Anakaa vipi anapopika? Anameza vidonge vingapi? Lul alitafsiri kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye saa ya ukutani.

Mwishowe Mbithe aliketi kitini, akamgeukia Lul.

"Sikiliza vizuri, umweleze nyanya yako kila neno. Magoti yake yamechakaa. Gegedu, ile nyama laini inayokaa katikati ya mifupa, imelika. Hakuna kidonge kitakachoirudisha, ndiyo maana vidonge vimeshindwa. Lakini hiyo haimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Misuli ya mapaja yake imelegea kwa kukaa. Ikipata nguvu, itaubeba mzigo unaobebwa na goti. Akae kitini hivi, anyooshe mguu mmoja, auzuie huku akihesabu mpaka tano, aushushe. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Asubuhi akikakamaa, aweke kitambaa cha maji moto kabla ya kusimama. Apikie kwenye meza, asichuchumae. Atumie fimbo. Atembee kidogo kila siku, hata kama ni mpaka kwa jirani. Mwezi wa kwanza ataona kama ni kazi bure. Asikate tamaa. Na muhimu kuliko yote: asizidishe vidonge. Vikizidi vitamtoboa tumbo. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Lul. Na kweli alielewa kila neno. Kiswahili chake kilikuwa cha kwanza darasani.

Ayeyo aliinama mbele, macho yake yakimng'ang'ania mjukuu wake. "Amesema nini?"

Lul alifikiria. Kunyoosha mguu na kuhesabu mpaka tano! Hata watoto wa chekechea hawachezi mchezo wa kipuuzi hivyo. Na nani angeshinda akimsimamia Ayeyo asubuhi na jioni, kama si yeye Lul? Na haya yote yanatoka kwa mwanamke ambaye mguu wake mwenyewe umemshinda. Akiharakisha, pengine angewahi nusu ya mtihani.

"Amesema ni uzee," Lul alijibu kwa Kisomali. "Magoti yamechakaa, hakuna dawa. Twende."

Ayeyo alimtazama Mbithe, kisha Lul. "Yeye amesema maneno mengi. Mbona wewe umesema machache?"

"Kiswahili ni lugha ndefu, Ayeyo."

Ayeyo aliitika kwa kichwa. Alimshukuru Mbithe akiwa ameweka mkono kifuani. Mbithe akatabasamu, akidhani anashukuriwa kwa ushauri wake, akamwandikia kadi ya kurudi baada ya wiki nne. Lul aliikunja kadi ile akaitia katikati ya kitabu chake cha jiografia.

Alifika shuleni mtihani ukiwa umekwisha. Ruweyda alikuwa wa kwanza.

Jioni ile Maka aliuliza habari. Ayeyo alijibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. "Ni uzee, binti yangu. Hakuna la kufanya." Lul alikuwa akikuna karatasi kwa kalamu. Hakuinua kichwa.

Kwa wiki mbili baada ya hapo Ayeyo hakutaka hata kutoka uani. Alikaa akiutazama ukuta. Mtu anaweza kuvumilia maumivu akiamini kuna mlango mahali fulani. Ayeyo alikuwa ameambiwa kwamba mlango haupo. Basi jirani yao, Kaaha, alipokuja na habari za mganga wa ajabu, Ayeyo alikuwa tayari kumwamini yeyote.

Mganga huyo aliitwa Sugow. Aliwahi kuosha chupa katika duka la dawa, na elimu yake ya udaktari iliishia hapo. Hata hivyo alivaa koti jeupe lililochafuka kwenye mifuko, akaning'iniza shingoni kipimo cha moyo kilichokosa sikio moja. Alikuwa na mkoba wa ngozi na sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Alipoingia uani hata hakuyagusa magoti ya Ayeyo.

"Hospitali?" alisema, akatema mate pembeni. "Wale hawajui chochote. Wanawapa wazee chokaa wakaita dawa. Mimi nina dawa ya Bombay. Vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Na vile vya zamani uendelee navyo, vinasaidiana. Baada ya siku tatu utacheza ngoma, bibi."

Akatoa kopo la bati lililokuwa la majani ya chai. Ndani yake kulikuwa na vidonge vidogo vyeupe, bila jina, bila karatasi ya maelezo. Lul, ambaye alisoma kila kitu mpaka maandishi ya mifuko ya sukari, aliona wazi kwamba mtu huyu ni tapeli. Aliona koti, aliona bati, akamdharau moyoni. Vilevile alikumbuka maneno ya Mbithe kuhusu vidonge na tumbo. Lakini kama angemkanya Ayeyo, ingembidi aeleze alikoyapata maneno hayo. Akanyamaza, akaenda kufanya hesabu zake.

Kisha likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Siku ya tatu Ayeyo alisimama mwenyewe. Siku ya tano alitembea mpaka kwa Kaaha na kurudi, akicheka kama msichana. Mtaa mzima ulimsifu Sugow. Lul alijiambia, "Sasa unaona? Hata yule mwongo amemshinda yule kiwete na hesabu zake za moja mpaka tano." Akalala usingizi mzuri, kwa kuwa kosa lake lilionekana halikumdhuru mtu.

Wiki ya pili uso wa Ayeyo ulianza kuvimba, mashavu yakawa mviringo. "Ananenepa," alisema Kaaha. Wiki ya tatu Ayeyo aliacha kula, akisema tumbo linawaka moto. Siku ya Alhamisi Lul aliporudi kutoka shuleni alasiri, alimkuta amelala kando ya mkeka, kinywa wazi. Mbele yake palikuwa na matapishi meusi kama kahawa.

"Ayeyo!"

Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua la Garissa lilikuwa likipasua mawe nje. Lul alitoka mbio akipiga mayowe. Kaaha alikuja, na mwenye mkokoteni wa maji naye akaja. Wakayashusha mapipa, wakamlaza Ayeyo juu ya mbao zilizolowa, na punda akachapwa mpaka hospitalini. Lul alikimbia kando yao, kiatu kimoja kikiwa mguuni na kimoja hajui kilipoangukia.

Daktari alisema tumbo linavuja damu. Ayeyo alihitaji damu upesi. Maka, aliyeitwa kutoka sokoni, alinyoosha mkono wake pale pale, akatolewa damu. Kwa siku mbili hawakujua kama Ayeyo angepona. Lul alikaa ukumbini juu ya saruji. Alijaribu kusali, na kila alipofumba macho aliona midomo ya Mbithe ikisema: vikizidi vitamtoboa tumbo.

Siku ya tatu Ayeyo alifungua macho, akaomba maji. Mchana huo Mbithe alikuja akichechemea mpaka kitandani, akaisoma karatasi ya mgonjwa, akamwita Lul pembeni.

"Mimi nilimtazamia nyanya yako wiki iliyopita. Hamkuja. Mazoezi alifanya?"

Lul angeweza kusema kweli pale pale. Lakini ulimi uliozoea kujiokoa hautafuti njia ndefu.

"Alikataa," alisema. "Nilimwambia yote. Alisema ni upuuzi."

Mbithe alihema. "Na vidonge je?"

"Hakusikia."

Mbithe alirudi kando ya kitanda, akamweleza daktari aliyekuwapo kwa sauti ya chini kwamba mgonjwa alishauriwa akakataa. Mwanamke mmoja mnene, aliyekuwa akimuuguza mgonjwa wa kitanda cha pili, alikuwa amelitega sikio. Mara tu wale wawili walipoondoka, alimgeukia Ayeyo, mikono kiunoni, akaanza kumfokea kwa Kiswahili.

"Kumbe umejiletea mwenyewe! Unaambiwa, husikii. Vizee vingine vina vichwa vya mawe. Binti yako anatoa damu yake kwa ajili ya ukaidi wako! Aibu!"

Ayeyo hakuelewa neno hata moja. Aliona tu mtu anazungumza naye. Akadhani mama yule anampa pole, kama ilivyo desturi ya watu wanaokutana hospitalini. Akauinua mkono wake uliojaa alama za sindano, akauweka kifuani, akatabasamu. "Asante, mama," alisema kwa Kiswahili chake kidogo. "Mungu bariki wewe."

Mwanamke yule alicheka kwa pua, akampa mgongo.

Lul alikuwa amesimama chini ya dirisha. Kicheko kile alikifahamu. Kilikuwa chake. Mara ngapi alikitoa mbele ya nyanya yake, kwa sababu tu Ayeyo hakuelewa saa, au kalenda, au Kiswahili? Aliutazama uso ule uliovimba, unaotabasamu kwa shukrani huku ukitukanwa, na kitu fulani kikavunjika ndani yake. Alitoka mbio ukumbini.

Alimkuta Mbithe mlangoni mwa chumba chake.

"Nimedanganya," Lul alisema, akilia. "Ayeyo hakukataa. Sikumwambia. Siku ile nilimwambia ni uzee tu, hakuna dawa. Sikumwambia mazoezi, wala vidonge, wala chochote."

Mbithe alimtazama mpaka Lul akainamisha macho.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na mtihani." Lul alijifuta machozi. "Na niliona... niliona wewe mwenyewe huwezi kutembea vizuri. Nikaona utatuambia nini."

"Mimi nilipokuwa na miaka sita nilitambaa," Mbithe alisema kwa ukavu. "Nilisimama kwa mazoezi hayo hayo unayoyaona ya kipuuzi. Lakini hilo si la leo. Leo kuna mtu mwingine anayepaswa kuyasikia haya, na hawezi kuyasikia kutoka kwangu. Twende."

Maka alikuwa amerudi, ameketi ukingoni mwa kitanda. Mbele ya mama yake, Lul alimweleza Ayeyo yote kwa Kisomali, tangu saa ya ukutani mpaka uongo wa siku ile. Maka alisimama kwa hasira, mkono wake umekwisha kupanda. Ayeyo akamzuia.

Kisha akamgeukia Lul.

"Nilipokuwa na ng'ombe," Ayeyo alisema, "niliwaita wote kwa majina, hata aliyekuwa hana maziwa. Hukunidanganya tu, Lul. Uliamua kwamba mimi ni mtu asiyestahili kuambiwa. Ningeweza kusema ndiyo, au hapana. Uliniondolea hata hapana yangu." Akafumba macho, akapumua. "Sasa huyu mwanamke amesimama hapa. Aseme tena. Na wewe useme yote."

Mbithe alisema tena, sentensi moja moja, na Lul akatafsiri sentensi moja moja. Ayeyo aliuliza maswali, tena makali. Kwa nini goti la kulia linauma zaidi? Je, vile vidonge vya Sugow vilikuwa nini, mbona vilimfanya atembee? Mbithe alieleza kwamba huenda vilikuwa dawa kali ya kuficha uvimbe, ambayo haitolewi bila uangalizi, na ikichanganywa na vidonge vya maumivu hula tumbo. "Vilikupa siku chache za kutembea, vikakudai uhai wako," alisema. Je, angeweza kusali ameketi kitini, Mungu akubali? Mbithe alisema jambo hilo amuulize sheikh. Sheikh alipokuja kumjulia hali, alimjibu kwamba dini haimbebeshi mgonjwa asichokiweza.

Maka alilipeleka bati la Sugow kwa afisa wa afya siku ile ile. Afisa na askari walipofika mahali alipozoea kukaa, walikuta koti jeupe limetupwa nyuma ya kibanda. Mwenyewe alikuwa amepanda lori. Mtu kama yule hana kwao, huenda popote penye maumivu na watu wasiosoma maandishi ya bati.

Ayeyo alirudi nyumbani baada ya siku kumi na moja, bila dawa yoyote ya Sugow na bila vidonge vya kumeza ovyo. Magoti yaliuma vile vile. Wiki za kwanza zilikuwa ngumu kwa wote wawili. Lul aliamka alfajiri kuchemsha maji ya kitambaa, kisha akaketi mbele ya Ayeyo huku mguu ukiinuka, ukitetemeka.

"Kow, laba, saddeh, afar, shan," Ayeyo alihesabu, jasho likimtoka, akaushusha. "Hili zoezi ni la kipuuzi."

"Bado tisa, Ayeyo."

Kuna siku Ayeyo alikataa kabisa, akatupa fimbo uani. Kuna siku goti lilivimba, na Lul akakimbia hospitalini kuuliza kama waache. Mbithe akasema wapumzike siku mbili, kisha waanze tena kwa mara tano badala ya kumi. Fundi wa mtaani aliwatengenezea meza ya jiko, na Ayeyo akaacha kuchuchumaa. Ruweyda alikuja kuhesabu pamoja nao jioni, na Lul aligundua kwa mshangao kwamba Ruweyda alijua kumchekesha Ayeyo kuliko yeye. Mwezi wa kwanza ulipita bila mabadiliko yoyote. Katika wiki ya sita Ayeyo alilala usiku mzima. Katika wiki ya nane aliinuka kutoka kitini bila kushika kitu, akabaki amesimama, akiwatazama kana kwamba wao ndio waliofanya jambo la ajabu.

Wiki ya kumi ilifika siku ya kumrudia Mbithe hospitalini. Ayeyo alikataa mkokoteni. Alitembea kwa fimbo kutoka Waberi, akipumzika mara tatu kivulini. Mbithe aliyakunja magoti yake, akampima nguvu za mapaja, akaandika kwenye kadi.

"Maumivu yamekwisha?" aliuliza.

Lul alitafsiri, kisha akasikiliza jibu. Akasita.

"Amesema nini?" Mbithe aliuliza.

"Amesema," Lul alianza, akiona haya, "hayajakwisha. Amesema asubuhi goti la kulia bado linamng'ata kama fisi. Na amesema... amesema hata sasa anaona mazoezi yako ni ya kipuuzi, na kwamba wewe ni mkali kuliko mama mkwe. Lakini anatembea."

Mbithe alicheka mpaka akashika meza. Ayeyo naye akacheka, ameridhika kwamba maneno yake yamefika mazima mazima.

Kisha Mbithe akawa makini. "Lul, sikiliza, na umweleze nyanya yako pia. Yapo maumivu yasiyokwisha kwa kidonge. Hayo unaishi nayo kwa akili: unaimarisha misuli, unabadilisha namna ya kukaa, unapumzika kwa kiasi, na hupokei dawa isiyo na jina kutoka kwa mtu asiye na cheti. Kidonge kikishindwa, unarudi kuuliza, huongezi cha pili. Hayo ndiyo ya magoti. Ya kwako ni haya: kusoma si kosa, na kuwa wa kwanza si kosa. Lakini elimu yako ulipewa ili uwe daraja, nawe uliifanya ukuta. Mimi nilikuwa na ushauri, yeye alikuwa na hamu ya kupona, na katikati yetu akasimama mtoto aliyetudharau wote wawili. Dharau nusura imuue mtu."

Lul alimgeukia Ayeyo, akamweleza yote kwa Kisomali, hata lile neno la mwisho. Hakulipunguza wala hakulilainisha. Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho, akaishika fimbo yake, akasimama.

"Amesema kweli," alisema. "Twende nyumbani. Wewe una kitabu, na mimi nina miguu miwili ya kunyoosha."